Mwenye Salamu za Asubuhi

Marlys Kvam ndiye aliyekuwa na funguo za mambo yote pale chuoni, na hakuacha mtu asahau. Kompyuta ya idara ya hesabu ilikaa chumba cha chini, kubwa kama makabati mawili ya nguo, ikivuma mchana kutwa. Huko juu watu walikaa mbele ya skrini zao, kila mmoja na jina lake na neno lake la siri, wote wakiitumia mashine ileile moja kwa wakati mmoja. Walimu walikuwa na kikundi chao, wanafunzi kikundi chao, na Marlys peke yake hakuzuiwa na kikundi chochote, maana yeye alikuwa na lile neno kubwa linalofungua kila kitu. Mashine yenyewe waliiita Lutefisk, jina la yule samaki wa kulowekwa magadi ambaye kila mtu wa Minnesota ya kaskazini, huko Marekani, anaapa kwamba anampenda, na mimi mpaka leo sijamwona aliyeomba aongezewe.

Maneno ya siri ndiyo yaliyokuwa ugomvi wake na dunia. Harlan Aune, mkuu wa idara, profesa mzima mwenye kitabu chake maktabani, aliweka jina la mbwa wake.

"Harlan," Marlys alimwambia mbele za watu, "kila jioni unasimama uani kwako unalipigia kelele neno lako la siri mpaka mtaa wa pili wanasikia. Sasa hapo siri iko wapi?"

Harlan akaona haya, akabadilisha. Akaweka jina la paka.

Lakini Harlan alikuwa nafuu. Kizungumkuti kilikuwa Orville Tveit. Mzee huyu alikwisha kustaafu zamani, akaagwa kwa keki na hotuba, akapewa saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata akarudi kama kawaida. Kila asubuhi alifika kabla ya watu, akavua mabuti, akapika kahawa nyepesi ya kuona kitako cha kikombe, kisha akakaa kwenye skrini ya dirishani na kuandika kwa vidole viwili, huku akitamka kila herufi anayoibonyeza. Ndivyo alivyojifunza na hakuna aliyeweza kumtoa tabia hiyo. "S," ungemsikia, "o, l, v," mpaka mwisho. Solveig. Ndilo lililokuwa jina la mashua yake, na kabla ya mashua lilikuwa jina la marehemu mkewe. Idara nzima ililijua neno la siri la Orville. Mfagizi alilijua. Marlys alishamlazimisha abadilishe, tena si mara moja. Orville alikubali kwa adabu zote, akaweka jingine, na wiki haijaisha unamsikia tena pale dirishani: S, o, l.

Kazi yake ilikuwa moja tu, salamu za asubuhi. Lutefisk ilikuwa na faili ambalo kila mtu akiingia ndilo analoonyeshwa kwanza, kabla ya kazi yoyote. Kwingineko faili kama hilo huandikwa kwamba mashine itazimwa Jumamosi, basi. Pale lilikuwa mali ya Orville. "Habari za asubuhi," aliandika. "Digrii ishirini chini ya sifuri. Barafu ya ziwani inabeba mtu na mbwa wake, gari bado. Harlan amenyoa ndevu, tumpe muda." Walikuwepo watu wasio na kazi yoyote na kompyuta siku hiyo, lakini waliingia tu waone kama wametajwa. Na asiyetajwa kwa muda mrefu alianza kujiuliza amemkosea nini mzee.

Basi ikaingia Januari, wanafunzi wapya wanakuja, na diski imejaa mpaka pomoni. Marlys akakata shauri kufunga akaunti za wote waliostaafu. Alikutana na Orville kwenye ujia, yeye mkono mmoja ameshika tepu ya kuhifadhia faili na mwingine sambusa ya wenzetu hawa, yaani donati, na simu inamlilia ofisini.

"Orville, akaunti za wastaafu nazifunga. Na yako nifunge?"

"Aa, usijisumbue na mimi, Marlys," mzee akasema. "Funga tu. Nafasi wapewe vijana."

"Haya, ahsante!" Na huyo, akakimbilia simu.

Jamani. Hapo ndipo ninapojishika kichwa. Watu hawa jibu lao la kwanza si jibu, na hakuna mtoto wa kule asiyejua. Ukimkaribisha mtu kahawa atakwambia hapana, usijisumbue. Ukimuuliza tena atasema labda, kama ipo tayari. Ukimuuliza mara ya tatu atasema haya, nusu kikombe, na atamaliza birika. Kipande cha mwisho cha keki kwao hakiliwi, kinakatwa nusu, na nusu yake inakatwa nusu, mpaka kinabaki cha kumshibisha sisimizi, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa yeye aliyekimaliza. Marlys alizaliwa katika hayo, akalelewa katika hayo. Mama yake aliwahi kukataa lifti mara mbili katikati ya dhoruba ya theluji, akiwa amepoteza kiatu kimoja. Na bado siku hiyo Marlys aliuliza mara moja, akaondoka.

Mchana huohuo akafuta jina la Orville kwenye mashine. Faili zake aliziacha palepale, akasema atazihamishia kwenye tepu akipata nafasi, na nafasi mnaijua. Kesho yake asubuhi watu walikuta kahawa imepikwa, nyepesi vilevile, lakini msumari ambao Orville alizoea kuning'iniza kikombe chake ulikuwa mtupu. Marlys aliuona. Akajiambia mzee amekipeleka nyumbani kukisugua. Akajiambia hivyo siku hiyo na siku zilizofuata, na moyoni hakujiamini hata kidogo.

Salamu nazo zikaganda. Ya mwisho aliyoandika Orville ilisema: "Habari za asubuhi. Digrii kumi na nane chini ya sifuri. Barafu inabeba watu wawili wasiogombana. Marlys ana kofia mpya. Tafadhali mtu asiseme kitu."

Ikakaa hiyohiyo. Baridi ikapungua, ikazidi, ikapungua tena, na kwenye Lutefisk ilibaki kumi na nane. Kila asubuhi idara nzima iliingia ikasoma kuhusu kofia ya Marlys, ikanyamaza, maana kusema ingekuwa kulalamika, na kulalamika ni kwa watu wa mijini. Marlys angeweza kuifuta kwa neno lake kubwa wakati wowote. Hakuifuta. Alikuwa anatumaini kwamba mzee ataingia mlangoni siku moja na kumwambia, Marlys, ile salamu imechacha. Mzee hakuja. Kahawa sasa walipika wenyewe, kali, na hakuna aliyeifurahia.

Kisha asubuhi moja, Marlys hajavua hata koti, skrini ikamwambia: "Habari za asubuhi! Redio inasema theluji itaanguka mchana. Barafu sasa inabeba hata lori. Kofia ya Marlys si mpya tena, kwa hiyo mnaruhusiwa kusema."

Vicheko vikasikika nyuma ya milango. Marlys damu ikamchemka. Mwizi! Kuna mtu ameingia kwenye mashine yake, akashika faili lisilo lake, tena akamfanyia na mzaha. Kabla ya saa ya chakula alishatoa amri kila mtu abadilishe neno la siri mbele yake, na wakapanga foleni, maprofesa na madigrii yao, wanasubiri kama watoto wa chanjo.

"Hakuna jina la mke," Marlys akatangaza. "Hakuna mume, hakuna mtoto, hakuna mashua, hakuna mchezaji wa hoki. Na hakuna mnyama. Nimekuona, Harlan."

"Mbwa aliyekwisha kufa anaruhusiwa?" Harlan akauliza. "Nilikuwa naye utotoni."

"Harlan, fuata foleni."

Walibadilisha wote. Na kesho yake asubuhi salamu zikawa mpya tena: "Habari za asubuhi! Poleni na foleni ya jana." Marlys akakaa chini, akafanya jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kama hasira isingemtangulia. Aliiuliza mashine faili lile ni la nani. Mashine ikajibu bila kusita: mwenyewe ni Nhia Lor.

Nhia alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, binti wa Kihmong, jamii iliyohamia kutoka Asia, mwenyeji wa St. Paul, mji mkuu wa jimbo, amekuja muhula huohuo wa Januari. Alipoitwa alifika ndani ya koti kubwa kuliko yeye, glavu mkononi, na kabla hajakaribishwa kiti akaanza kuomba msamaha.

"Bi Kvam, najua nimechelewa. Nimeingia toka mwanzo wa muhula na salamu ni zilezile, watu wananitazama hawasemi kitu. Nilikuwa sijui kwamba ni zamu yangu."

"Zamu gani?"

"Ya salamu. Faili lina jina langu. Nikafikiri mgeni ndiye anayepewa, kama kuosha vyombo."

Marlys akafungua mdomo amkaripie, kisha akaigeukia skrini. Aliona yote kwa mpigo. Lutefisk haijui majina ya watu, inajua namba. Jina ni la kutusaidia sisi, lakini mali yote mashine inaiandika kwa namba ya mtu. Yeye alifuta jina la Orville na kuacha mali yake imekaa na namba isiyo na mtu, na Nhia alipokuja, mashine ikatafuta namba ya kwanza iliyo wazi ikampa. Basi kila kitu cha Orville kikawa cha Nhia. Kosa hili Marlys aliwahi kwenda kulihubiri kwenye mkutano wa wasimamizi wenzake, akawaambia ni wazembe tu wanaolifanya.

"Si zamu yako," akasema taratibu. "Ni faili la Orville Tveit."

"Yule mzee wa barafu?" Nhia macho yakamng'aa. "Niliona vipimo vyake, Bi Kvam, kila asubuhi ya kila majira ya baridi! Nilishangaa vimekuwaje vyangu. Kwani amekufa?"

"Hajafa! Amestaafu. Nilimfungia akaunti."

"Kwa nini?"

"Nilimuuliza, akasema nifunge."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

Marlys akatazama kibodi.

"Sisi nyumbani," Nhia akasema, bila ubaya wowote, "mama akikukaribisha chakula mara moja tu, maana yake umekaa sana, nenda zako."

Uso ulimwaka Marlys mpaka masikioni. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na huzuni ambayo alikuwa akiikwepa tangu alipouona ule msumari mtupu. Alikuwa amemfukuza mzee, tena akamwambia ahsante.

Alasiri ile akabeba sahani ya keki ya shayiri na tende, akaenda ziwani. Kibanda cha Orville cha kuvulia samaki kila mtu alikijua, cha mbao, kijani, kimekaa juu ya barafu mbali kidogo na vya wenzake, na bomba la moshi lililopinda. Marlys aliacha gari ufukweni akatembea. Ndani mlikuwa na jiko dogo, viti viwili, tundu kwenye barafu na mzee amelikodolea macho.

"Umekuja kwa miguu," Orville akasema.

"Salamu zimesema barafu inabeba lori. Nikaona nisiiamini."

"Nimesikia, wameniambia mkahawani." Mzee akageuka mzima mzima, na Marlys hakuwahi kumwona amekasirika hivyo. "Lori! Lori litakuwa chini kule linawasalimia samaki. Nani huyo anaandika upuuzi?"

"Mtoto wa St. Paul. Anasikiliza redio."

"Redio ya St. Paul inalijua ziwa hili kwa lipi? Wamelikanyaga lini?" Akaona aibu kwa kupaza sauti. "Si kwamba nataka kuingilia."

"Hapana, huingilii."

Kikombe cha idara kilikuwa kimening'inia kwenye msumari juu ya jiko, safi kabisa. Orville alikishusha, akammiminia Marlys kahawa, na yeye mwenyewe akanywea kifuniko cha chupa. Marlys akanywa. Ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea wali, na kidogo imtoe machozi.

"Asubuhi siku hizi unafanyaje?" akauliza.

"Aa, sijambo. Namsalimia yule kijana wa hali ya hewa kwenye redio." Mzee akavuta uzi wa ndoano kidogo, akauachia. "Kijana mzuri. Hajibu, lakini."

Marlys akaweka kikombe chini. "Orville, rudi."

"Usijisumbue na mimi, Marlys. Mimi niko vizuri tu hapa."

Haya, hiyo moja. Akakata keki, wakala. Wakaongea habari za samaki, ambao hawakuwepo, na za kofia, ambayo ilikuwepo kichwani. Kisha akasema tena, "Nataka urudi, kweli. Nilikosea."

"Hukukosea kitu. Diski imejaa. Nafasi ni ya vijana."

Na hiyo mbili. Mtu wa kwingine angekata tamaa, lakini sasa Marlys alikuwa kwao, anaijua njia. Hakusukuma. Alikaa mpaka jua likaanza kushuka, akainuka, akafunga koti vifungo vyote, akavaa glavu, akasema basi ngoja niende, akakaa tena kidogo, akasema basi kweli naenda, akashika mlango. Mambo ya maana kule husemwa mkono uko mlangoni.

"Orville. Nakuuliza tena. Bila salamu zako pale hapakaliki. Hata Harlan amenyoa tena na hakuna aliyesema kitu, anazunguka anajishika kidevu. Rudi, nakuomba."

Mzee akautoa uzi wake majini, akauviringisha kwenye kijiti.

"Haya," akasema. "Kama haitakuwa taabu."

Kwa lugha ya watu wale, hizo ni ngoma na vigelegele. Marlys alirudi ufukweni akiteleza na kucheka peke yake.

Kesho yake idara ilijaa watu waliosingizia kuja kuchukua kahawa. Namba ya zamani Marlys aliiacha kwa Nhia, maana mtoto alikwisha kuizoea. Orville naye Marlys akampa namba mpya na kumrudishia vipimo vyake vyote vya barafu. Kisha akaunda kikundi kipya, kidogo kuliko vyote kwenye Lutefisk, akakiita Asubuhi, akaweka humo watu wawili tu, Orville na Nhia, na faili la salamu akalitia chini ya kikundi hicho ili kila mmoja wao aweze kuliandika.

Orville akamtazama binti juu mpaka chini. "Wewe ndiye wa lori?"

"Ndiye mimi, Profesa. Samahani."

"Jumamosi uje ziwani, nikufundishe kuipima barafu kwa kekee ya kuitobolea."

"Aa, usijisumbue na mimi, Profesa," Nhia akasema.

Orville na Marlys wakatazamana. Mtoto ameshakuwa wa hapahapa. "Nakuuliza tena," mzee akasema, na chumba kizima kikacheka.

Likabaki neno la siri. Marlys akawakumbusha wote sheria, hakuna mke, hakuna mashua, kisha akainua macho kutazama dari, kama anavyofanya kila mtu mwenye adabu mwenzake anapochapa neno lake. Orville akakaa kwenye skrini ya dirishani. Akanyoosha vidole viwili.

"S," akasema polepole. "O. L."

Watu wakaanza kukonyezana, wanamsubiri Marlys amlipukie. Marlys akavuta pumzi kweli, neno lipo ulimini, na ndipo alipomsikia mzee. Miaka yote ile alikuwa amesikia neno la siri bovu. Hakuwahi kusikia kwamba ni mtu anamwita mkewe, kila siku, saa ileile, na kwamba tangu akaunti ifungwe mzee hakuwa na mahali pengine popote pa kulitamka jina hilo bila watu kumwonea huruma.

"V," mzee akaendelea. "E. I. G."

Mashine, kwa utaratibu wake, ikamwomba arudie ili ihakikishe. Akarudia lote, herufi kwa herufi.

"Tayari, Marlys," akasema. "Ni jipya kabisa."

"Sawa," Marlys akasema, bado anatazama dari. "Mimi sijasikia kitu."

"Ngoja kwanza," Harlan akaruka kutoka mlangoni. "Mbona mimi na mbwa wangu—"

"Harlan, mbwa wako bado yu hai. Nenda nyumbani ukamwite."

Harlan akatazama viatu vyake, akamgusa Orville begani, akaenda kumimina kahawa, na ilikuwa nyepesi.

Tangu hapo Marlys hubadilisha maneno ya siri ya watu wote kila muhula, hana huruma, na lile moja hulipita kana kwamba halipo. Asubuhi akifika mapema humsikia mzee kutoka kwenye ujia: S, o, l. Husimama hapohapo nje ya mlango, na kofia yake ile kichwani, mpaka afike herufi ya mwisho. Akimaliza ndipo anapoingia, akamwambia habari za asubuhi, na Orville anamwitikia.